Dume la Manyanda na Daftari la Enoka

Jumatatu, 7 Oktoba

Habari kubwa mjini. Manyanda, yule mfugaji aliyefungua grosari kule njia ya mnadani, anatoa dume la ng'ombe kwa mshindi wa pool. Dume la miaka minne, limeshafundishwa plau. Wachezaji wanane, kiingilio gunia moja la mahindi kila mtu.

Mimi na mke wangu Providence tuna ng'ombe mmoja tu wa kulimia tangu mwenzake afe mwezi wa tatu. Ng'ombe mmoja havuti plau. Mvua ni mwezi ujao, na Providence ameapa kwamba mwaka huu halimi ekari nne kwa jembe la mkono wakati mimi nimekaa kibandani natengeneza redio za watu. Kwa hiyo dume hili ni langu. Limebaki suala la kushinda tu.

Kuna utaratibu mpya. Manyanda hataki wakali waonee wanyonge, kwa hiyo tutapangwa madaraja matatu kwa uwezo. Kila mechi ni wa kwanza kufikisha gemu tano. Wa daraja la tatu akikutana na wa daraja la kwanza, anaanza na gemu mbili za bure. Madaraja atayapanga Enoka, msimamizi wa meza, mtu makini sana, kila kitu anaandika kwenye daftari. Yanabandikwa Jumamosi.

Wenzangu wote wamekimbilia mezani kuonyesha ufundi. Wajinga. Mimi wiki hii nitafungwa. Nitafungwa mpaka Enoka anionee huruma, nipewe daraja la tatu, halafu siku ya mashindano niwashukie na gemu mbili mkononi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimefungwa na Aloyce, fundi cherehani, mara tatu. Si kazi rahisi. Aloyce akilenga mpira wa kushoto unaingia wa kulia, au hauingii kabisa. Gemu ya pili ilinibidi niutumbukize mwenyewe mpira mweusi kabla ya wakati wake, kosa la kukufungisha papo hapo, ili tumalize.

Tatizo dogo. Pale kwa Manyanda anayefungwa ndiye anayelipia gemu. Hiyo ni sheria tangu meza iletwe. Lakini mtu aliyefungwa kwa kupenda kwake, alipe kwa kosa gani? Nikamwambia Aloyce pochi imebaki kwenye suruali nyingine. Akalipa yeye. Enoka akaandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimefungwa na Gervas wa bodaboda mara nne. Nikamsifia mkono, nikamwambia mtu wa kiwango chake hawezi kumlipisha mzee mzima aliyemtoa jasho kiasi hiki. Akalipa huku kifua kiko mbele.

Edgar naye alikuwepo. Huyu anashuka na maharage kutoka Mwese, anafikia kwa dada yake, na wiki nzima anaringa. Miwani ya jua ndani ya nyumba. Leo kawafunga watu sita mfululizo, na gemu zote sita kalipia yeye, kwa sauti, ili Queen wa kaunta asikie. Eti wazee wangu msihangaike. Mtu anayeshinda na bado analipa ana kasoro kichwani. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimetoa gunia la kiingilio stoo. Providence akauliza gunia zima naenda kufanya nini. Nikasema kusaga. Akauliza unga wote huo utaliwa na nani. Nikasema mashine za kusaga zinapandisha bei wiki ijayo. Akaendelea kupepeta mchele. Nashukuru kuwa na mke mwelewa.

Jioni nimefungwa tena, mara mbili. Wiki nzima nimefungwa gemu tisa, sijalipia hata moja. Sijui kama mji huu umewahi kuona akili ya namna hii.

Jumamosi, 12 Oktoba

Orodha imebandikwa mlangoni. Nikaanza kusoma kutoka chini. Daraja la tatu: Aloyce, Gervas, Edgar. Edgar! Nikafikiri ni Edgar mwingine. Jina langu halimo. Nikapanda daraja la pili. Halimo. Daraja la kwanza kuna mtu mmoja, peke yake, kapigiwa mstari kwa rula. Felisiani. Ndiye mimi.

Nikamvuta Enoka pembeni. Akanieleza kwa upole. Yeye hana muda wa kutazama gemu, anauza vocha, anaangalia jenereta. Kwa hiyo amefuata daftari, na daftari linaandika aliyelipa. Aliyelipa ndiye aliyefungwa, sheria inajulikana. Edgar kalipa kuliko watu wote, maskini. Mimi wiki nzima sijalipa. Akanishika mkono, akasema hajawahi kuona mtu kama mimi tangu ashike kazi hii.

Nilikaa kwenye kreti la soda nikanywa maji.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekata rufaa kwa Manyanda. Nikasema nilifungwa gemu tisa, waulizwe Aloyce na Gervas. Manyanda akauliza kama nilifungwa, kwa nini sikulipa. Na kama sikulipa, nilikuwa nafanya nini kwenye meza yake wiki nzima, mbele ya watu? Watu wote wakanigeukia. Nikasema nilikuwa natania.

Edgar naye kaja kulalamika. Kasema ni aibu yeye kuwekwa daraja la tatu, apandishwe. Manyanda akamjibu daftari ni daftari. Edgar akatoka ameinamisha kichwa. Usanii mtupu! Mtu mzima anajifanya dhaifu ili apewe gemu za bure. Sijui watu wanapata wapi roho ya kudanganya hivyo.

Lakini niandike na hili, maana shajara ni yangu. Baada ya misa mwenyekiti wa kwaya alinipa mkono akaniita bingwa. Watoto wa mtaani wameanza kuniita Daraja la Kwanza. Nilifurahi. Nilipita barabara ile mara mbili bila sababu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku yenyewe.

Gervas nimemtoa. Alikuwa na gemu zake mbili za bure, akaanza kuzihesabu kama amezitafuta mwenyewe, akazembea. Nusu fainali nikakutana na mtu wa daraja la pili, nikamtoa pia. Upande wa pili Edgar aliwafagia wote. Fainali mimi na yeye. Edgar anaanza na gemu mbili.

Wakati nachagua fimbo nikamwona Providence mlangoni, mikono kifuani. Kumbe mke wa Aloyce alishampongeza kisimani kwa gunia letu la kiingilio. Alisimama tu hapo na kitenge chake cha kazini.

Leo nilicheza. Naandika kweli tupu. Sijawahi kucheza vile na sidhani kama nitacheza tena. Mipira ilikwenda nilikoituma. Nikashinda gemu, Edgar akashinda, nikashinda mbili mfululizo, akashinda tena. Nikashinda ya nne. Ubaoni ikasomeka nne kwa nne. Ya mwisho Edgar aliumaliza mweusi kwa pigo ambalo mimi mwenyewe ningelipigia makofi kama lisingeondoka na dume langu.

Nimeshinda gemu nne. Edgar kashinda tatu. Dume ni la Edgar.

Yeye mwenyewe alivua miwani akasema mbele ya watu kwamba mzee Felisiani ndiye aliyecheza zaidi. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikwenda nyuma ya grosari, karibu na tanki, nikalia kidogo. Kama ningelipa tu kama watu wengine, jamani.

Jumapili, 20 Oktoba

Providence hasemi nami. Ugali ameuweka mezani kwa kishindo.

Mchana akasema, mara moja tu. Akasema gunia halimuumi. Kinachomuuma ni kwamba alisimama pale mlangoni akaona mume wake anaweza, na bado mume mwenyewe haamini kwamba anaweza, mpaka aibe. Akafunga kilemba akaondoka kwenda kwa dada wa Edgar.

Jumatano, 23 Oktoba

Dume liko uani kwetu! Providence amezungumza na Edgar. Shamba la Edgar liko mlimani Mwese, mteremko mkali, plau haifanyi kazi, na hana pa kulilishia dume. Litakaa kwetu msimu mzima, tutalilisha na kulimia, na wakati wa mavuno Edgar atachukua magunia matatu. Wameandikiana mbele ya balozi wa nyumba kumi. Leo tumelifunga nira pamoja na ng'ombe wetu, wamekwenda sawa. Providence amecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Usiku nimepiga magoti. Nimeapa sitashika tena fimbo ya pool. Mtu aishi kwa haki, acheze alivyo, alipe anapofungwa. Nimeandika hapa ili nikisahau nisome.

Alhamisi, 24 Oktoba

Gervas kaja na habari kutoka Kibaoni. Wiki ijayo kuna pool kubwa, ya watu wakubwa. Mshindi anapata pawatila, kile kitrekta cha kulimia kinachoshikwa kwa mikono, mpya, bado ina nailoni. Na madaraja yapo, lakini kule hawana daftari. Kila mchezaji anaulizwa tu mwenyewe kiwango chake, na wanamwamini.

Wanaulizwa wenyewe! Watu wa Kibaoni ni wema mno. Nimeshafanya mazoezi mbele ya kioo: daraja la tatu, ndugu zangu, tena la chini, mkono una baridi yabisi.

Pawatila ikishafika, Providence hatahitaji ng'ombe kabisa, na Edgar atarudishiwa chake na shukrani juu. Jambo hili nimekwishalipigia hesabu pande zote, halina tundu. Providence yuko Sibwesa kwa mama yake mpaka Jumanne. Kiingilio ni dume moja. Tunaondoka alfajiri, mimi na lenyewe, polepole, lisichoke njiani.