Chesisi ya Gari Moshi la Baba

Jumatatu, 6 Machi 2006
Gari moshi la baba limekamilika! Mwezi mzima nakata makopo ya chai kwa mkasi wa vitambaa wa Mwanahija. Mke wangu kalalamika mkasi umekuwa butu. Nimesema panya. Bomba la moshi ni kifuniko cha rangi yake ya mdomo. Hilo bado hajajua. Kimebaki kitu kimoja tu: chesisi yenye mota na magurudumu, ili litembee. Baba aliendesha treni ya Tanga miaka thelathini. Sasa jicho moja limekwisha, na la pili daktari anasema ni la miezi tu. Nataka lione gari lake likitembea. Mwanahija anaondoka Guangzhou kurudi nyumbani Jumamosi, ndiye atakayelibeba. Siku tano. Nyingi!

Jumanne, 7 Machi
Nimefunga mota ya feni ya mkononi. Gari limeruka mezani, limetua kwenye sufuria ya maharage. Mwanahija kalitoa, kalifuta, kaendelea kupika. Huvumilia hivyo akijua jambo ni la baba. Nampenda mke huyu. Kisha kaliona bomba la moshi.

Jioni kapita Frédéric, Mkongomani anayeuza simu pale jengo la Tianxiu. Ati mjomba wake alikuwa mkuu wa stesheni Lubumbashi, kwa hiyo mambo ya treni tumwachie yeye. Kanishauri, mon cher, nenda soko la vitu vya kuchezea, lakini beba mchoro, ama twende wote nikusemee. Kunisemea mimi! Miaka mitatu Guangzhou!

Jumatano, 8 Machi
Nimekwenda peke yangu. Sikuchora kitu. Treni kwa Kichina ni huoche: huo ni moto, che ni gari. Gari la moto, sawasawa na gari moshi letu. Lugha nyepesi kabisa! Laoban, yaani mwenye duka, kaniuliza mara mbili: huoche? Nikamjibu huoche, kwa sauti kavu ya mfanyabiashara, kama tunavyoitamka huo kila siku tukipakia kontena. Moja moja meiyou, hauzi. Katoni nzima. Haya, katoni. Italetwa kesho.

Alhamisi, 9 Machi
Imeletwa. Chesisi arobaini na nane. Mota safi, zinavuma vizuri. Magurudumu sita sita. Ya mpira! Ni chesisi za malori!

Frédéric kacheka mpaka kashika ukuta. Kumbe huo ziko mbili. Ukiivuta chini taratibu ni moto. Ukiiangusha kwa kishindo ni mzigo. Ile ya kontena ndiyo ya mzigo, nami sijui nyingine. Nimeagiza gari la mzigo, nikasisitiza. Mwanahija kasema kuuliza si ujinga, Baba Kauthar. Nimewaambia nilifanya makusudi.

Ijumaa, 10 Machi
Dukani hawarudishi. Nimejaribu kufunga vifungo vikubwa vya koti kutoka soko la vitambaa la Zhongda viwe magurudumu. Vyote vimepasuka. Nimelia kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilipokuwa na miaka sita baba alinipandisha kwenye injini yake, akanivika kofia yake ikanifunika mpaka puani. Mpaka leo sijawahi kumpa kitu chenye uzito ule.

Frédéric kabisha hodi na bisibisi. Hakucheka. Kakata hapa, kakaza pale, kaliketisha gari moshi langu juu ya chesisi ya lori. Limetembea! Limevuka chumba, limekwenda kugonga kiatu changu mlangoni. Kasema mjomba angelipigia saluti. Nadhani mjomba huyo hajawahi kuwepo, lakini nimemkumbatia.

Jumamosi, 11 Machi
Nimemsindikiza Mwanahija uwanja wa ndege wa Baiyun. Kalipakata gari kama mtoto mchanga, kakataa kuliweka kwenye sanduku. Kifuniko cha rangi ya mdomo kasema kibaki palepale.

Jumanne, 14 Machi
Nimepiga simu Tanga. Nikaanza na radhi: baba, unisamehe, magurudumu ni ya lori. Baba kacheka. Kasema analiona kama kivuli tu, ila kalipapasa lote, toka mbele mpaka nyuma. Lingekuwa la reli lingezunguka palepale mezani. Hili linatoka chumbani kwake, linapita ukumbini, linafika jikoni kwa mama. Mama anasikia linavuma, anaitikia: karibu, dereva! Kasema miaka thelathini mama alingoja treni, na leo zimemfikia nne kabla ya adhuhuri. Kadi ya simu imekwisha tukisikilizana pumzi.

Kabla haijakwisha kauliza jambo moja: mbona halina filimbi?

Jumatano, 15 Machi
Filimbi kwa Kichina ni shaozi. Frédéric kataka twende wote. Ya nini? Mambo ya sauti nimeshayaelewa! Nimerudi kwa laoban yuleyule. Safari hii sikuiangusha ng'o: nimeipandisha mpaka juu. Shaozi! Kakunja mkono kama anayechota kitu, kaupeleka mdomoni, kuhakikisha. Nikamwambia naam, mdomoni hasa! Kisha kaanza habari za tang, yaani supu. Masikini, saa ya chakula ilikuwa imepita, ana njaa. Kauliza kubwa au ndogo. Kubwa, nimesema, baba asikie vizuri.

Katoni inakuja kesho.