Daraja la Matao Matatu Kwenye Ngao Yangu

Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye pia ni shemeji yangu, waheshimiwa madiwani mliopo na mliotuma udhuru wa mafua, Mchungaji Abernethy, kiongozi wa bendi ya zumari, wadau wa maendeleo na mastekholda wote wa mto, wananchi wa Invercullan wa ng'ambo hii, nanyi wa ng'ambo ile mnaonisikiliza kwa kipaza sauti kwa sababu zinazofahamika: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Ng'ambo ya pili mbwa anabweka.)

Ndugu zangu, mimi Torquil Pettigrew, Meya wenu kwa vipindi vitatu mfululizo, niliahidi hapa hapa, siku chache baada ya mafuriko kulibeba daraja letu, kwamba sitalala mpaka mpate jingine. (Sauti: "Kwenye vikao unalala!") Sikulala. Tuliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na leo natamka kifua mbele kwamba upembuzi yakinifu umekamilika kwa asilimia tisini na saba, ile tatu iliyobaki ikiwa ni daraja lenyewe. Vuta pazia!

(Pazia linavutwa. Watu waliotegemea kuona ramani ya daraja wanaona ngao iliyochorwa. Wanatazamana.)

Naona mmeguswa. Hiyo ni nembo yangu binafsi, iliyoidhinishwa na Ofisi ya Nembo kule Edinburgh, na niruhusuni nifafanue kitaalamu. Rangi ya buluu ni hekima, na hapo sitajisifu, mnanijua. Samaki samoni wa fedha anayeruka ni mimi nikipambana na mkondo wa wapinzani. (Bi Effie Rattray, kutoka safu ya mbele: "Samoni angalau anavuka!") Asante, Bi Effie. Jogoo juu ya kofia ya chuma ni kuamka mapema kwa ajili ya umma. (Sauti: "Ofisini unaingia saa tano!" Kicheko.) Niliomba pia simba wawili wa kushika ngao huku na huku, ila nikajibiwa kuwa washika ngao ni wa watu wakubwa. Nimekata rufaa.

Sasa tazameni katikati. Daraja! Matao matatu, mawe ya dhahabu, halina ufa, wala hakuna mafuriko yatakayoligusa! (Makofi ya shemeji.)

("Torquil," anasema Bi Effie, amesimama, "mume wangu yuko kwenye nyumba ya wazee, pale ng'ambo ya pili, namwona kwa macho. Zamani nilikuwa nampelekea supu ikiwa bado moto. Sasa nazunguka na basi nusu siku, nikifika kalala. Hilo daraja la kwangu liko wapi?")

Swali zuri sana, mama yangu, na limepokelewa. Ila tusichanganye mambo. Kwa sheria ya Scotland nembo ni ya mtu mmoja, halafu ya mwanawe mkubwa, na yeyote atakayeitumia bila idhini yangu atashtakiwa.

("Yaani hata daraja la rangi haturuhusiwi kupita?")

Kisheria, ndiyo. (Zomeazomea. Kipande cha keki ya shayiri kinampata samoni.) Tulieni! Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na maendeleo ni mchakato! Kaulimbiu iliyo juu ya jogoo ni "Tutavuka." Nikisema Tutavuka, itikieni Pamoja! Tutavuka!

("Lini?")

Tutavuka!

("Juu ya nini?")

Kwa moyo huo huo nitoe shukrani. Namshukuru mchoraji wa nembo, fundi pekee ambaye halmashauri hii imewahi kumpa kazi ya daraja, na akaikamilisha kabla ya muda. Nawashukuru wahandisi, ambao kwa kuwa hatukuwahi kuwaita hawakutusumbua. Na nawashukuru ninyi kwa kushangilia. Bendi, pigeni! (Zumari zinalia. Shemeji anapiga makofi mpaka yanasikika ng'ambo ya pili.) Na yule mzee wa ng'ambo anayepunga kofia kwa furaha namna ile, mwananchi mzalendo kabisa, ni nani?

(Ni Lachlan Rattray, mume wa Bi Effie. Amesikia zumari na makofi, amevaa koti la kanisani, na muuguzi anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu kuelekea ukingoni, pale daraja lilipokuwa. Bi Effie ameuacha mkutano, anakimbia mpaka kwenye maji: "Lachlan! Rudi ndani, mpenzi, utashikwa na baridi! Ni picha tu! Ni picha!")