Chembe Zilizolala Nje

Jumatatu, 9 Juni
Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati hapa Rayong, ni mimi, Bunlert. Mkataba wangu wa ufundi maabara unaisha mwezi huu. Nafasi imebaki moja. Ijumaa Profesa Wilai atampa mwenye unga bora: mimi au Orathai wa vyeti vitatu. Maskini Orathai.

Kazi yenyewe ni kutengeneza unga wa kuchochea kemikali: chembe za metali ya paladi, ndogo kupita vumbi, zifungiwe ndani ya fuwele yenye vitundu kama sega la nyuki. Molekuli ndogo zipenye, ziguse paladi, zigeuke kitu kingine.

Jumanne, 10 Juni
Nimegundua! Chembe huvaa koti la gundi ili zisigandane. Koti linaziba uso wa metali. Nimelivua kwanza, ndipo nikaotesha fuwele. Orathai akasema fuwele hukua kwa kulishika hilo koti, livuliwe mwisho. Akaongeza, “Kaka Bunlert, umemvua mtu nguo mlangoni, sasa nani atamkaribisha ndani?” Wivu mtupu.

Nimeenda kwenye kibanda cha mzimu mlinzi pale getini. Nimemwekea soda nyekundu, na mrija. Nadhiri: unga wangu usikatae molekuli yoyote, nami nitaleta mayai ya kuchemsha tisini na tisa.

Jumatano, 11 Juni
Molekuli ndogo: dakika kumi, zote zimegeuka! Unga wa Orathai, saa nzima. Nimepita mezani kwake mara nne nikipiga mluzi. Mara ya tano nikamwachia wali wangu wa embe. Anayeshindwa naye ale.

Ijumaa, 13 Juni
Mbele ya Profesa. Jaribio la molekuli kubwa. Kwa Orathai haikugeuka hata moja. Nikampa pole hadharani. Kwangu zimegeuka zote! Nikapiga makofi. Peke yangu.

Profesa akavua miwani. “Bunlert, ndugu yangu, hiyo molekuli haipiti kwenye kitundu. Imekutana wapi na paladi?”

Nikasema labda imejipenyeza kwa bidii.

“Paladi yako yote imelala nje.”

Wakarudia jaribio kwa unga uleule. Chembe zikagandana, unga ukafa. Nafasi kapewa Orathai. Nimewaambia sayansi itanikumbuka.

Jumamosi, 14 Juni
Mzimu alitenda nilichoomba, neno kwa neno. Hakuna molekuli iliyokataliwa. Kwa hiyo mayai, yote tisini na tisa. Orathai amekuja kunisaidia kuyapanga. Akasema safari nyingine niache koti, na niombe mlango ufungwe. Nikamwambia kosa halikuwa koti. Mayai yalikuwa machache.

Kuna maabara ng’ambo ya barabara inatafuta fundi. Nimemwahidi mzimu mayai mia mbili, na soda mbili. Koti nitalivua mapema zaidi.

Ile bahati niliyoiandika Jumatatu: uongo. Sijawahi kuwa nayo.