Kuilinda Namba 41

Jumatatu, 10 Juni 2019

Baba katoa hukumu wakati wa kifungua kinywa, akiwa bado anatafuna nyama ya nguruwe. Jumamosi nisipomaliza ndani ya kumi bora, namba 41 anampa Raelene.

Namba 41! Baba, Hoyt Tadlock, aliibeba ubavuni mwa gari lake la mbio miaka ishirini na sita, akashinda mara mia moja na kumi na mbili katika milima hii ya Karolina ya Kaskazini. Mimi, mwanawe Delbert, nimeibeba miaka kumi na minne. Ushindi wangu: bado.

Raelene ni dada yangu mdogo na ndiye fundi wa injini yetu. Aliendelea kula kama mtu asiyehusika. Anahusika.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata mdhamini! Bwana Eubanks, mwenye kiwanda cha matango ya siki. Gari limepakwa kijani, na juu ya paa litakaa tango. Nilidhani la kuchorwa. Kumbe la plastiki, refu kama mtoto wa darasa la tano.

Raelene akauliza kama nakwenda kwenye mbio au sokoni. Nikamwambia wivu haujengi. Baba alilitazama tango muda mrefu, kisha akaingia ndani akalala. Saa tano asubuhi.

Jumatano, 12 Juni

Adui halisi ni Corinne Suggs. Babake na Baba waligongana viwanjani miaka ishirini. Sasa wanavua samaki pamoja, jambo la kusikitisha. Corinne hushinda karibu kila Jumamosi, na bado hunisalimia kwa upole. Makusudi.

Leo nimekwenda kunyolewa kwa Vernon. Vernon ni pakacha, na kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Nikamnong'oneza siri ya mabingwa wa zamani: tairi za kulia walizipunguza upepo hadi paundi nane. Uongo mtupu. Gari la namna hiyo likifika kwenye kona huenda ukutani lenyewe. Kufika Ijumaa, Corinne atakuwa amesikia.

Nimetoka na kichwa kizuri, nje na ndani.

Ijumaa, 14 Juni

Maneno yanatembea. Vernon kamwambia mchungaji, mchungaji kamwambia mwenye duka la vipuri, na kila mmoja kaongeza bingwa wake.

Jioni Baba karudi kutoka mtoni uso unang'aa. Hakuniambia kitu. Alimvuta Raelene pembeni wakanong'onezana, Raelene akitikisa kichwa kukataa. Wananipangia njama. Nimewaacha. Mwenye mpango wake hana haja ya kusikiliza ya wengine.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji.

Bendera ya kijani ikashuka. Kona ya kwanza nikakata usukani kushoto. Gari likaenda kulia, taratibu, kama lina miadi na ukuta. Tango likang'oka, likabiringika katikati ya uwanja, mbio zikasimamishwa dakika ishirini na moja watu wakilifukuza. Jukwaa zima lilisimama kushangilia. Kwa ajili yangu hawajawahi kusimama.

Baba alikuja mbio, pumzi juu juu. Akaniuliza kama vidole vinacheza. Halafu akakiri, macho chini: mzee Suggs alimpa siri ya mabingwa wakiwa mtoni, naye akamlazimisha Raelene apunguze upepo. Raelene alikataa mara mbili.

"Nilitaka ushinde, mwanangu," akasema. "Hata mara moja tu."

Nikamuuliza yeye enzi zake alijaza paundi ngapi.

"Thelathini na tano. Nikadhani labda ndiyo maana sikushinda zaidi."

Roho iliniuma. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikasema mkono unauma.

Corinne naye aliisikia siri hiyo. Alicheka, akaacha tairi zake kama zilivyo, akashinda.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya Akina Baba. Nimempa Baba soksi. Yeye kampa Raelene namba 41. Mchana Raelene kajaribu gari letu la akiba, na mzunguko wake wa kwanza umeshinda wangu wowote wa miaka kumi na minne. Baba alilia. Nami nilipiga makofi, kwa kadiri mkono mmoja unavyoweza.

Nimetafakari sana na kosa nimeliona. Mimi ni kizazi cha pili, na kizazi cha pili hakina bahati. (Raelene pia ni wa pili, ila kachelewa kuzaliwa.) Bingwa atakuwa mwanangu. Basi nahitaji mke, na mama wa bingwa hana budi kuwa dereva. Corinne Suggs. Si ndiyo maana hunisalimia?

Kumwendea moja kwa moja si busara. Lazima kwanza azoee wazo. Kwa hiyo nimemdokezea Bi Opal wa posta, yeye peke yake, kwamba Corinne na mimi tumeshachumbiana kimya kimya. Nimemwapisha asimwambie mtu.

Nina amani kabisa. Mji wetu si wa umbea.