Fulana ya Mgongo ya Patron Paluku

Jumatatu, 10 Februari 2025
Patron Paluku, bosi wetu, ameleta fulana ya ajabu hapa depo, ghalani kwetu. Ina mikanda ya mapajani na springi mgongoni. Ukiinama inakushika, ukiinuka inakuinua! Huko Goma alikotoka alikuwa nazo kumi. Vita vimekula depo yake na tisa zote. Hii moja alikimbia ameivaa. Amesema ni ya Nkandu, ambaye pamoja na Faustin hututwika sisi wapagazi magunia kichwani. Mgongo wa Nkandu umechoka. Halafu akasema kazi imepungua, Jumamosi mmoja wetu ataachishwa. Yesu! Lakini nani atamfukuza mwenye fulana?

Jumanne, 11 Februari
Nimeanguka kando ya magunia ya samaki wakavu. Mgongo! Nimelia mpaka wamama wa sokoni wakaja kutazama. Nkandu mwenyewe aliniinua, akamwomba patron nivae mimi. Mtu mwema sana. Nikavaa haraka, kabla hajabadili mawazo.

Jumatano, 12 Februari
Kumbe anayevaa ndiye anayetwika! Hilo sikulifikiria. Lakini kitu hiki, mama yangu! Nainama, nainuka, kiuno hakina habari kama kuna gunia. Aliyekibuni abarikiwe na ukoo wake wote. Sifa zikanipanda kichwani. Nikamwambia patron kwamba kwa fulana hii mtwikaji mmoja anatosha, hata kamio ya Pweto, lile lori kubwa, ije. Akasema vizuri. Faustin akaondolewa upande wangu.

Alhamisi, 13 Februari
Kamio ya Pweto imekuja. Imejaa pomoni! Fulana ilifanya kazi yake bila kosa. Mikono na magoti ndiyo yaliyonisaliti. Mchana nilikaa chini, kuinuka nikashindwa. Nikamtangazia patron kwamba nimepona kabisa, fulana irudi kwa Nkandu. Alinitazama sana.

Ijumaa, 14 Februari
Nkandu amevaa. Sote tuliacha kazi kumtazama. Yeye huku, Faustin kule, gunia linapanda bila mtu kuguna. Nkandu akanyooka, akacheka, akasema jioni atambeba mjukuu wake, kitu alichokuwa ameshaacha. Nilifurahi kweli, machozi yakanilenga. Halafu nikakumbuka Jumamosi.

Jumamosi, 15 Februari
Patron alitaja jina langu. Gradi! Nkandu akaingilia. Akasema tangu Jumanne alijua naongopa, muntu wa mugongo mubaya halii vile. Lakini shingo ya Gradi, akasema, iko moja tu katika mtaa wetu wote wa Kenya. Gunia likikaa pale halianguki. Gradi akienda, na yeye anavua fulana. Patron akakuna kichwa, mwishowe akasema tutagawana hiyo kazi ndogo iliyopo. Nimebaki! Shingo imeniokoa! Nilimkumbatia Nkandu, springi zikanisukuma nyuma.

Jumapili, 16 Februari
Baada ya misa Faustin ameniambia patron ameagiza kifaa kipya, cha kushika shingo. Kimoja tu. Ajabu! Tangu nisikie habari hiyo, shingo yangu haigeuki kabisa. Kesho nitaanguka mapema, kabla Faustin hajaanguka.