Namba Isiyogawika ya Masilamani

Jumatatu, 17 Desemba
Kumbakonam nzima inanong'ona. Mwalimu Vaithilingam ametangaza: anayemtaka bintiye Thenmozhi alete namba moja kubwa Jumamosi, Siku ya Hesabu, aeleze tabia zake mbele ya wazee. Wenzake huuliza mshahara na nyota. Huyu namba! Mpinzani ni mmoja, Kathiresan, mtoto wa mjomba wake Thenmozhi. Kwa mila zetu huyo ndiye wa kwanza mlangoni. Ana haki, ana pikipiki, ana nywele. Mimi nina akili. Na nampenda Thenmozhi kufa, hilo nalo liandikwe.

Jumanne, 18 Desemba
Nimeipata! 10,001. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile. Tena ni namba tasa: haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimejaribu tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Imekataa katakata. Kufika kumi na saba nikasikia harufu ya vadai, zile bajia za dengu, jikoni. Basi, inatosha.

Jumatano, 19 Desemba
Nimemwahi Mwalimu kabla Kathiresan hajamaliza kuchana nywele. Nikamwambia ni tasa, naapa, haigawiki kama penzi langu. Akauliza kama nimejaribu namba tasa zote hadi mia, maana kuvuka hapo si lazima. Nikasema zote, mzee wangu. Uongo mdogo, wa heshima. Thenmozhi alikuwa analeta kahawa. Alinitazama sana. Mapenzi hayo!

Alhamisi, 20 Desemba
Kathiresan kanitambia mgahawani kwamba yake ni 12,321, yaani 111 mara 111, na zaidi ya hapo hajui kitu. Nikamuuliza, hujui halafu unatangaza? Akajibu, sasa ndugu yangu, nimdanganye mwalimu wa hesabu, nina wazimu? Bwege!

Jumamosi, 22 Desemba
Aibu! Mwezi huu wa Margazi kila mlango una kolamu, pambo la unga wa mchele, na kolamu huanza kwa nukta. Leo ua wote wa Mwalimu umejaa nukta, mstatili kamili, hakuna pengo. Thenmozhi na shangazi zake wamezipanga tangu alfajiri. Akaniambia, haya bwana Masilamani, hesabu. Mistari 73, kila mstari nukta 137. Jumla 10,001! Akasema namba tasa haikai hivyo, hukaa mstari mmoja tu, mrefu. Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na kahawa. Kathiresan akanipiga bega: pole bwana, penzi limegawika. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 23 Desemba
Thenmozhi kaja kwetu, mama akiwepo. Kasema yeye hamtaki Kathiresan, wamekua pamoja kama ndugu. Amembembeleza baba yake, naye amekubali: kesho niseme mbele ya wazee kwamba nilikisia, niombe radhi, mlango u wazi. Alikuwa karibu kulia. Mimi nililia kabisa.

Jumatatu, 24 Desemba
Niseme nilikisia? Mbele ya Kathiresan? Thubutu! Kosa langu nimeligundua: namba ilikuwa ndogo, ndiyo maana ikatosha uani. Nimetoka kwa Mwalimu sasa hivi. Nimewaambia wazee kwamba 1,000,001 ni tasa, naapa. Thenmozhi akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Bila shaka amekwenda kutafuta unga. Na atafute! Kumbakonam yote haina unga wa kutosha.