Namna Blandine wa Dilala Alivyomfunika Stany Pasipo Kucheka

Sogeeni, enyi watu wa Dilala, ninyi mlio juu ya pikipiki na ninyi mnaosugua masufuria uani. Zimeni injini, tueni masufuria, msikilize vita alivyopigana Blandine binti Mukalay, Mkono Usiotetemeka, Bibi wa Shuka Jeupe, vita ambavyo adui yake hakuwa jeshi wala simba, bali kicheko chake mwenyewe. Mola anijalie pumzi ya kusimulia, maana nikikumbuka tu mbavu zinaniuma.

Walikuja hapa mjini kwetu Kolwezi watengenezaji wa tamthilia ya televisheni, habari za daktari mchunguzi wa maiti anayefumbua mauaji kwa kutazama kucha na meno ya marehemu. Daktari alikuwa tata Ruffin, mzee mwenye sauti nzito na tumbo la heshima. Blandine akapewa cheo cha pili, msaidizi wa daktari: asimame kando ya meza, aseme maneno machache, kisha amfunike marehemu uso. Msidharau. Mama yake, mama Valérie, alikwisha kutangaza kanisani kwamba mwanawe ataonekana kwenye televisheni, na mama aliyetangaza jambo kanisani hana pa kurudi.

Balaa lilianza marehemu alipoletwa. Marehemu alikuwa Stany, na ukoo wa Stany na ukoo wa Blandine ni watani tangu enzi za mababu. Nanyi mwaijua sheria ya utani: penye msiba wengine hulia, mtani hucheka, humkejeli maiti, huvaa suruali yake, huuliza mbele ya wafiwa kama mlafi yule kweli amekufa au amelala kwa shibe. Sasa Stany kalazwa chali katika jiko la nyumba ya zamani ya kampuni ya migodi, lililogeuzwa chumba cha maiti. Kapakwa vumbi jekundu, eti mchimbaji aliyeanguka shimoni, na kidole gumba cha mguu kimechungulia nje ya soksi iliyotoboka.

Katika shambulio la kwanza, yaani kamera ilipowashwa mara ya kwanza, Blandine alikiona kidole, akaanguka kwa kicheko. Katika la pili alikishinda kidole, lakini tumbo la marehemu likaanza kutikisika, wakaangamia wote wawili. La tatu lilikuwa linaelekea ushindi, pikipiki ikapiga honi barabarani, na kicheko kikapita hapo hapo. Ndipo Godefroid mwongozaji, jemadari wa kamera, alipovua kofia na kuhutubu.

"Mama Blandine, mi nakuheshimia sana. Lakini jua inashuka, na mafuta ya groupe yenye kuwasha mataa inaisha. Ukicheka tena, njo mwisho. Henriette mwenye anangojea pale inje atavaa ile blouse yako ya musaidizi wa docteur, na weye utarudia kwenu."

Blandine akatazama dirishani, akamwona mama Valérie kavaa kitenge cha Pasaka, macho kafumba, midomo inacheza kwa sala. Akaogopa, nasema bila chumvi. Aliogopa kupita tena mlangoni pa kanisa lile. Taa zikawaka, kamera ikaanza kazi, naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwandikia. Alimwinamia marehemu, akamhutubia kwa haki yake ya mtani.

"Stany, mutoto ya balafi, sikiliza. Bantu ya kwenu hata kufa banashindwa kufa muzuri. Siku yote nilikuwa nakucheka juu ulikuwa muzima. Leo banakuleta hapa na soksi yako ya kutoboka, na ni mi mutani wako njo nakufunika. Basi lala. Mama yako angali anakuwekea bukari kwenye sahani."

Hapo ghafla alimwona Stany kalala vilevile kama wanavyolazwa vijana wanaoletwa kutoka machimboni. Deni la utani lilikuwa limelipwa; kicheko hakikuwa na la kudai tena. Akainua uso, akasema maneno aliyoandikiwa.

"Docteur, huyu hakuanguka. Balimusukuma."

Kisha akalivuta shuka taratibu mpaka juu ya nywele. Mkono haukutetemeka. Tata Ruffin alisahau maneno yake yote, akabaki anafuta miwani, na Godefroid hakukata hata neno moja.

Mwaka ule bei ya shaba ilipanda na kushuka, wakubwa wakaja na wakubwa wakaenda, na wanahistoria wana shughuli zao. Lakini Dilala inahesabu miaka tangu Jumapili ile mchana tamthilia ilipoonyeshwa, sebule ya mama Valérie imefurika watu mpaka uani, na Stany mwenyewe kaketi kando ya mama huyo anakula bukari, ule ugali wetu, na samaki. Shuka lilipomfika usoni, mama Valérie alipiga ukunga, akatupa kilemba, akamlilia Stany huku amemshika Stany mkono. Majirani wakaitikia. Stany akatazama huku na huku, akaweka tonge chini, naye akajililia.

Blandine peke yake, mtani, ndiye aliyecheka, na safari hii hakuna aliyemkataza.